Baruti Haikuwa Mbaya

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na minne. Watu wakisikia hivyo hucheka, maana hapa Kindu mtu hustaafu meno yakiwa yameanza kumuaga, tena baada ya kuandikiwa barua yenye mihuri mitatu. Mimi sikuandikiwa barua. Niliwakabidhi ninyi wanafunzi wangu wawili ufunguo wa atelye, karakana yetu, nikaosha mikono kwa sabuni ya mawese, nikatoka. Kazi yangu kwa miaka kumi na mmoja ilikuwa kujaza kartushi, yaani risasi kamili za bastola za mashindano. Mlinifuata nyumbani mkaniomba niwaandikie niliyojifunza, na hasa mlitaka kujua baruti ipi ichaguliwe. Nitawajibu. Lakini jibu lenyewe lina damu, na sijui njia ya kulifupisha.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa hofu. Nikifunga mlango hurudi kuusukuma mara tatu. Nikiandika barua huinakili upya kwa sababu ya doa moja la wino. Shule niliiacha mwaka wa tatu wa sekondari, na ufundi huu hakuna aliyenifundisha darasani. Niliupata kwenye kitabu cha Kifaransa kilichokosa jalada na kurasa kumi na mbili za katikati, nilichonunua sokoni Kasuku kwa mwanamke aliyekuwa akifungia karanga kwa karatasi zake. Kurasa zilizokosekana ziliondoka na karanga. Nilizioa zilizobaki. Kwa miezi sita nilisoma kwa kamusi, nikachora kila chombo, nikajua kujaza kartushi kabla sijaigusa hata moja.

Wakati huo klabu yetu ya kulenga shabaha ilikuwa na bastola nzuri na haikuwa na cha kuziwekea. Wazungu waliokuwa na maduka walikuwa wameondoka, maduka yalikuwa yamepewa wenyeji wa nchi, na wenyeji wa nchi walikuwa wameuza kilichokuwemo na kufunga milango. Kartushi mpya hazikuja tena. Yalibaki maganda matupu, maelfu, ndani ya magunia. Mwenyekiti wa klabu, mkubwa mmoja wa serikali aliyevaa abakosi, lile koti la viongozi la kufungwa hadi shingoni, hata kwenye joto la saa saba, alitafuta mtu wa kuyajaza upya. Nilikwenda na kitabu changu kwapani.

Siku ya kwanza sikugusa kitu. Fundi wa atelye alikuwa Mzee Salehe, mtu wa familia za zamani za Kiislamu za mji huu, aliyetengeneza bunduki za wawindaji tangu enzi za Wabelgiji. Alikuwa na kofia nyeupe iliyogeuka rangi ya chai, na Kiswahili chake kilikuwa na adabu mpaka alipokasirika. Aliangalia kitabu changu, akakiweka juu ya kabati asikifungue. Kisha akafungua kopo, akachukua baruti kidogo kati ya vidole viwili, akanisogezea puani.

“Nusa.”

Nikanusa.

“Inanuka nini?”

“Kama dawa ya hospitali, Mzee.”

“Ndiyo, njo vizuri. Siku ukisikia inanuka siki, ama ukiona vumbi ya rangi ya kutu ndani, usiulize muntu. Ipeleke mbali na nyumba, uimwage mustari murefu, uchome. Baruti iliyooza haina urafiki na muntu.”

Hilo ni la kwanza nawapa, na halimo kwenye kitabu, au labda limo kwenye zile kurasa za karanga.

Vyombo vyetu mnavijua, kwa sababu ndivyo mlivyorithi. Mashine ya mkono ya kukandamiza, iliyofungwa kwenye meza ya mti wa libuyu. Mizani ndogo iliyotoka kwenye duka la dawa, yenye sahani ya shaba ya ukubwa wa kifungo cha koti. Ubao wenye mashimo hamsini wa kusimamishia maganda. Kalibu ya kumiminia plomo iliyoyeyushwa, ile metali laini nzito, na kupata vichwa vya risasi. Fataki, vile vidude vidogo vinavyopigwa na nyundo ya bastola, tulizihifadhi ndani ya mtungi wenye mchele uliokaangwa, kwa sababu hewa ya mto huu hulowesha hata chumvi. Mzee aliubadilisha mchele ule kila Ijumaa, na mchele wa zamani aliwapa kuku wa jirani. Hakuna kuku aliyelipuka, alikuwa akisema, na hicho ndicho kilikuwa kipimo chake cha usalama.

Alikuwa na sheria mbili ambazo hakukubali zivunjwe. Ya kwanza: maganda yote hamsini yakishapata baruti yabaki wazi juu ya ubao, na kabla ya kuweka kichwa cha risasi hata kimoja, upite na tochi, uangalie ndani ya kila moja. Ya pili: makopo ya baruti yawe yamefungwa kabla ya saa kumi na moja na nusu jioni, kwa sababu ya bendera.

Ninyi mmekua na jambo hili na hamlioni, lakini acha nilieleze kwa atakayesoma akiwa mbali. Saa kumi na mbili bendera iliposhushwa mbele ya ofisi ya zone, yaani ya wilaya, filimbi ililia, na kila mtu aliyekuwa karibu alisimama kama mti. Mwenye baiskeli alishuka. Mwenye mzigo kichwani alibaki nao. Aliyekuwa akitafuna aliacha. Vijana wa Chama walizunguka kutazama nani ametikisika, na aliyetikisika alijieleza. Atelye yetu ilikuwa hatua thelathini kutoka kwenye mlingoti, na mlango wake ulitazama bendera uso kwa uso. Mzee hakutaka filimbi imkute mtu na baruti mkononi. “Akili ya muntu,” alisema, “ukiikata katikati, hairudi pale ulipoikata.”

Sasa kuhusu hofu yangu, maana bila hiyo hamtaelewa yaliyotokea. Miaka yangu ya kwanza nilimchosha yule mzee. Nilikuwa namaliza kartushi hamsini, nazifunga ndani ya boksi, kisha asubuhi namwendea nikiwa nimevimba macho.

“Mzee, nina shaka na boksi la jana.”

“Shaka gani?”

“Nafikiri moja haina baruti. Au iko na nyingi.”

Tulikuwa tukizivunja zote. Kuvunja kartushi ni kazi ya nyundo ya mbao: unagonga, unagonga, mpaka kichwa kitoke, unamwaga baruti, unapima. Kichwa kikitoka kimeharibika, unakiyeyusha upya. Hamsini zilikula siku nzima ya watu wawili. Na kila mara tulikuta hesabu ni sawa. Mara ya tano Mzee alicheka. Mara ya tisa hakucheka. Mara ya kumi na moja aliweka nyundo chini akaniambia, bila hasira, na ndiyo maana iliniuma:

“Asumani, weye unapima hata mate yako. Siku moja utakuwa na shaka ya kweli, na hakuna atakayekuamini. Hata weye hautajiamini.”

Kuanzia siku hiyo niliapa sitamwendea tena na shaka. Nilijifanyia matibabu. Shaka ikija, nilikuwa najiambia: ni ugonjwa wako, lala.

Mpigaji wetu bora alikuwa mwanamke. Mama Amina alikuwa daktilo, mpiga chapa, katika ofisi moja ya bandarini, na wanaume waliomcheka walipomwona mara ya kwanza na kitambaa chake kichwani waliacha kucheka baada ya shabaha ya kwanza. Mkono wake ulikuwa mkavu na mtulivu. Alisema ni mashine ya kuandikia iliyoufundisha, maana daktilo akigonga herufi mbaya anaanza ukurasa upya, na karatasi ilikuwa haipatikani. Nilimwelewa mara moja. Alikuwa mtu wa namna yangu, ila yeye ukamilifu haukumnyima usingizi.

Mume wake, Baba Amina, aliyekuwa akiuza vitenge sokoni, hakupenda mchezo ule. Aliuvumilia kwa sababu mkewe alipokuwa akishinda, wakubwa walinunua vitenge kwake.

“Asumani,” Mama Amina aliniambia siku moja, akinionyesha karatasi ya shabaha, “angalia. Tatu ziko pamoja, hii ya ine imetoroka. Ni miye ama ni kartushi yako?”

“Inaweza kuwa miye.”

“Inaweza? Weye unakubali haraka hivi? Bwana yangu hajakubali kitu tangu tuoane.”

Alicheka. Mimi sikulala.

Hapo ndipo tunafika kwenye baruti. Tulikuwa na aina mbili. Ya zamani ilikuwa ya punje za mviringo, rangi ya kijivu, inayowaka polepole. Ganda lilihitaji nyingi, karibu lijae. Iliacha uchafu ndani ya mtutu, punje nyingine zilitoka bila kuungua, na nguvu yake ilibadilika kati ya asubuhi ya ukungu na mchana wa jua. Hiyo ndiyo iliyotorosha risasi za Mama Amina. Ya pili ilifika kwa treni ndani ya kopo la bati lililofungwa vizuri, kwa mkono wa mjumbe wa klabu aliyekuwa akisafiri kusini. Ilikuwa ya vipande vyembamba kama maganda ya kitunguu yaliyosagwa. Iliwaka haraka na safi. Ganda lilitaka chembe tu, kiasi cha kufunika kitako chake, na kopo moja lingejaza mara mbili ya kartushi za baruti ya zamani.

Niliijaribu kwa wiki tatu. Nilifunga bastola kwenye mfuko wa mchanga, nikapiga tano tano kwa mita ishirini na tano, asubuhi, mchana na baada ya mvua. Nilichoma chembe juu ya sahani nikatazama majivu. Niliandika kila kitu daftarini. Risasi tano ziliingia ndani ya duara ningeweza kulifunika kwa kifuniko cha chupa ya bia. Nilimpelekea Mzee karatasi zile kama mtu anayepeleka posa.

Alizipitia moja moja. Kisha akachukua ganda tupu, akatia kipimo cha baruti ya zamani, halafu akatia kingine juu yake. Baruti ikamwagika mezani. Akachukua ganda la pili, akatia kipimo cha baruti mpya, akatia kingine, akanipa.

“Angalia ndani. Iko moja ama mbili?”

Nikaangalia. Ndani kulikuwa giza, na chini kabisa kitu chembamba.

“Hii ya zamani ni chafu,” alisema, “lakini ukikosea, inakutapikia mezani, unaona. Hii yako ganda linameza mbili na bado linaonekana na njaa.”

“Mzee, kitabu kinasema baruti ya haraka njo ya mashindano. Kila mahali duniani wanatumia hii.”

“Kitabu hakina vidole.”

Nilisisitiza. Nilikuwa na daftari, nilikuwa na karatasi za shabaha, nilikuwa na ujana. Na kusema kweli, kwa kupiga shabaha nilikuwa na haki. Mwishowe alikubali, kwa masharti yale yale mawili: tochi, na bendera. Tulijaza kwa baruti ile mpya miezi minne bila tatizo, na Mama Amina aliacha kuuliza nani ametorosha risasi.

Kisha timu ya mji wa Kalima ikatangaza inakuja. Ilikuwa Alhamisi, mashindano yalikuwa Jumamosi. Mzee Salehe alikuwa ameshikwa na malaria, nilikuwa peke yangu. Treni ilikuwa haijafika wiki mbili na mji mzima haukuwa na mawe ya tochi, yaani betri. Bila tochi, kuangalia ndani ya maganda hamsini kulikuwa kujidanganya. Nikabuni njia niliyoiona kuwa bora zaidi: kila kartushi peke yake. Napima baruti kwenye sahani ya mizani, naimimina ndani ya ganda kwa koni ya karatasi ngumu, naweka kichwa cha risasi, nakandamiza, natia kwenye bakuli. Hakuna ganda linalobaki wazi. Nilijisifu. Mtu wa hofu akibuni njia yake ya usalama huipenda kama mtoto.

Kazi ingekwisha saa kumi na moja. Lakini kartushi mbili hazikunipendeza, kichwa kimoja kilikuwa kimeinama kidogo sana, jambo ambalo mtu mwingine asingeliona. Nikazivunja, nikaanza upya. Halafu nyingine tatu. Saa kumi na mbili ilinikuta nimebakiza chache.

Filimbi ililia. Nilisimama mahali nilipokuwa, mikono ubavuni, uso mlangoni. Bendera ilishuka polepole kuliko siku zote, au mimi niliona hivyo. Ilipokwisha kukunjwa, kijana mmoja wa Chama alikuja mpaka mlangoni, akaniita raia kwa Kifaransa, kama Chama kilivyotaka sote tuitane.

“Sitwayeni, unasimama namna gani ile? Kama muntu anayengoja sahani ya wali?”

“Nisamehe, ndugu.”

“Ndugu? Miye ni ndugu yako? Visigino viko mbali-mbali, kichwa iko chini. Unasikitikia bendera?”

“Hapana. Niko na kazi ya klabu. Ya mukubwa.”

Alipolisikia jina la cheo alipunguza sauti, akanionya, akaenda. Yote hayakuchukua hata dakika kumi. Nilirudi mezani. Ganda lilikuwa limesimama mbele yangu. Sahani ya mizani ilikuwa tupu. Katika kichwa changu nilikuwa bado najibizana na yule kijana, nikimpa majibu makali ambayo nisingethubutu kumpa. Nikapima baruti, nikamimina, nikaweka kichwa, nikakandamiza, nikatia kwenye bakuli. Nikamaliza na zile nyingine. Nikazifuta zote kwa kitambaa.

Nilipokuwa nikinawa mikono ndipo swali lilipokuja. Sahani ilikuwa tupu kwa sababu sikuwa nimepima bado, au kwa sababu nilikuwa nimekwisha kumimina?

Nilijaribu kukumbuka. Nilikumbuka filimbi. Nilikumbuka visigino. Kabla ya filimbi hapakuwa na kitu.

Nilipima kartushi zote hamsini, moja moja. Lakini maganda yetu yalitoka viwanda mbalimbali, mengine mazito, mengine mepesi, na tofauti zao zilikuwa kubwa kuliko kipimo kizima cha baruti ile. Nilichukua tatu zilizokuwa nzito kuliko zote, nikazivunja. Zilikuwa sawa. Nikasimama na nyundo mkononi mbele ya arobaini na saba. Kuzivunja zote kulimaanisha kuanza upya Ijumaa, kwenda kitandani kwa mzee mwenye homa na kumwambia maneno yale yale kwa mara ya kumi na mbili. Nilisikia sauti yake hata kabla hajanena. Nikajiambia: ni ugonjwa wako. Nikajaza tatu za kufidia zile nilizovunja, nikazifunga zote ndani ya boksi, nikaandika jina la Mama Amina juu yake kwa mwandiko mzuri.

Vijana wangu, ilinigharimu miaka mitatu kupata nguvu ya kuandika aya hiyo iliyopita.

Jumamosi kulikuwa na viti vya wakubwa chini ya turubai, na bia, na nyimbo za kumsifu Raisi kabla ya kitu chochote kuanza. Mzee Salehe alikuja amejifunika blanketi. Mama Amina alipiga mfululizo wa kwanza vizuri. Katika wa pili, risasi ya tatu, mlio ulikuwa tofauti. Siyo mkubwa sana, kama watu walivyokuja kusema. Ulikuwa mfupi, mkavu, kama mlango wa chuma unaopigwa. Silinda ya bastola ilipasuka upande wa kulia na kipande kikaruka hadi kwenye turubai, karibu na mkono wa mwenyekiti. Mama Amina alibaki amenyoosha mkono. Alikuwa akiutazama kana kwamba ni wa mtu mwingine. Kidole gumba kilikuwa kimechanika hadi kwenye kiungo, na cha shahada hakikuwepo.

Hakupiga kelele. Alisema tu, “Nimefanya nini?”

Watu walikimbia. Wanajeshi wawili waliokuwa na mwenyekiti walimshika mtu wa kwanza waliyemkuta, msafishaji wa uwanja. Mnajua nyakati zetu. Chuma kikiruka karibu na mkubwa, hakuna anayeuliza juu ya baruti. Wanauliza nani amekutuma. Mwenyekiti alisimama, uso wake ukiwa rangi ya majivu, akasema: “Nani alijaza?”

Nilifungua kinywa. Naapa nilikifungua. Lakini Mzee Salehe alikuwa amekwisha kusogea mbele na blanketi lake, mkononi kopo la baruti mpya alilolitoa kwenye sanduku letu la vifaa. Alinusa, akakunja uso.

“Imeoza, mukubwa. Ni baruti yenyewe. Ilikaa sana kwenye joto ya treni. Siyo kosa ya muntu.”

Alimpa mwenyekiti naye anuse. Mwenyekiti hakujua inatakiwa kunuka nini. Alinusa, akatikisa kichwa kama mjuzi, akasema kweli inanuka vibaya. Ikaandikwa hivyo. Siku hiyo hiyo Mzee aliimwaga baruti yote mstari mrefu nyuma ya uwanja akaichoma mbele ya mashahidi. Ilikuwa na harufu ya hospitali, safi kabisa. Msafishaji aliachiliwa. Mimi nilisimama nikitazama moto ule mweupe, na nilijua kwamba mzee ameniokoa na gereza, labda na zaidi ya gereza.

Kesho yake nilimwendea. Alinyanyua mkono kabla sijaketi.

“Usiniambie. Nikijua, na wakirudi kuniuliza, nitasema. Niko muzee, sijui kusema uongo mara mbili.”

Alikufa mwaka uliofuata, kwa homa nyingine. Tulirudia baruti ya zamani, ile chafu inayojaza ganda, na sikuruhusu nyingine. Ndiyo mnayoitumia leo. Mmeniuliza mara nyingi kwa nini tunashindwa na Kalima kila mwaka. Ndiyo sababu.

Miaka mitatu nilimkwepa Mama Amina. Nilikuwa nikimwona ng’ambo ya barabara, mkono wa kulia ndani ya kitenge, nikageuza njia. Nilijua kazi ya bandarini ilikwisha, kwa kuwa daktilo aliyebakiwa na vidole vitatu vizima mkono wa kulia hakuna amtakaye. Alikuwa akikaa nyuma ya meza ya mumewe sokoni, akikunja vitenge kwa mkono wa kushoto. Nilipoacha atelye, nilijua siwezi kuwaandikia chochote kabla ya kwenda kwake.

Nilikwenda saa za asubuhi, nikamkuta uani anachambua sombe. Alinikaribisha kiti. Nilikataa kukaa. Nilimweleza yote kwa mpangilio, tochi, bendera, sahani tupu, zile tatu nilizovunja na arobaini na saba nilizoziacha. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, kwa matusi, kwa mchi wa kinu. Mama Amina aliacha majani ya muhogo yaanguke.

“Ile asubuhi,” alisema polepole, “nilisafisha mututu wa bastola na kitambaa. Nilikuwa na haraka. Nilifikiri nimesahau kipande ndani. Baruti imeoza, walisema, sawa, lakini miye nilikuwa ninajua ni kitambaa changu.”

“Hapana. Mututu ulikuwa safi. Niliuona.”

“Uliuona lini?”

“Siku ile ile, bastola ilipookotwa.”

Alinitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo na sitaki tena.

“Nilimwambia bwana yangu habari ya kitambaa. Nilimwambia peke yake. Miaka tatu, Asumani, kila tukikosana, hata kwa chumvi ya mboga, ananiambia: weye njo ulijikata mukono na uvivu yako. Na miye ninanyamaza, kwa sababu ninaona ni kweli.”

Nilikuwa nimehesabu vidole, nilikuwa nimehesabu kazi yake. Hili sikuwa nimelihesabu. Nilidhani uongo wa Mzee umetua juu ya kopo la baruti na kwisha pale.

Aliinuka, akajipangusa majani kwenye kitenge, akaita kuelekea ndani ya nyumba: “Baba Amina! Kuya hapa.”

Alitoka akiwa amevaa fulana, utepe wa kupimia ukiwa shingoni. Aliniona, akaanza kunisalimu vizuri, kama anavyosalimiwa mgeni.

“Asumani iko na neno,” mkewe alimkata. Kisha akanigeukia, na sauti yake ilikuwa kavu na tulivu kama mkono wake ulivyokuwa zamani. “Sema tena. Anza pale pa mwanzo. Na useme kwa nguvu, majirani wanasikiaga mambo yetu kila siku, leo wasikie na hili.”

Nikaanza tena, pale pa mwanzo.